Mzee, Nikodishie Robo Ekari

Wasee, kuna neno moja wazee wetu hapa Kibugu wanalipenda sana: tamaa. Ukisema unaenda Nairobi kutafuta, una tamaa. Ukisema utabaki nyumbani lakini ufanye kitu chako, hiyo sasa ni tamaa mbaya zaidi, kwa sababu utaifanyia mbele ya macho yao.

Baba yangu ana mikahawa aliyoachiwa na babu. Mimi nina miaka 24 na nataka robo ekari niweke kitalu cha miche ya avokado. Sikuomba nipewe. Nilimwambia, "Baba, nikodishie, nitakulipa kila msimu, tuandikiane." Akacheka. "Nani alisikia mtoto akikodi shamba kwao?" Halafu akageuka kuwa serious, akaniambia nichukue jembe nipalilie kahawa, eti hiyo ndiyo ilinisomesha.

Sawa. Tuongee basi kuhusu hiyo kahawa.

Wakati wa ukoloni Mwafrika alizuiwa kuipanda. Walowezi walidai tutaeneza magonjwa na kuharibu ubora. Ukweli ni kwamba hawakutaka ushindani, na pia mtu mwenye pesa zake haendi kuwa kibarua kwa mzungu. Ni miaka ya 1930 ndipo serikali iliruhusu wachache wajaribu, huku Embu, Meru na Kisii, na kwa masharti makali. Mpango wa Swynnerton wa 1954 ndio ulifungua mlango kabisa. Kwa hivyo mtu wa kwanza kupanda mkahawa kwenye haya makilima alikuwa na tamaa kweli kweli! Alitaka zaidi ya kile alichopangiwa. Wazee wetu walirithi miti yake, lakini ule moyo wake hawataki kuuona kwa watoto wao.

Najua watanijibu bei imepanda. Ni kweli, mapema 2025 bei ya dunia ilivunja rekodi. Lakini hao hao wanakumbuka 1989, mfumo wa kimataifa wa kugawana soko ulipovunjika na bei ikaanguka, mpaka watu wakaacha mikahawa ijiotee magugu. Mtu aliyeona hayo anawezaje kuniambia nitegemee zao moja tu?

Hofu yao naielewa, sitajifanya. Kila mtaa una kijana aliyeuza kipande cha shamba akanunua pikipiki, na saa hii hana pikipiki wala shamba. Ndiyo maana nikasema kukodi. Hati inabaki kwa mzee. Nikianguka, anarudishiwa udongo wake, na kodi ameshakula.

Kinachoniuma ni hii kusubiri. Sheria ya Urithi, inayotumika tangu 1981, inampa mtoto sehemu yake mzazi akishafariki. Akiwa hai, shamba ni lake, na hiyo ni haki, alilitolea jasho. Lakini angalia inatufanya nini sisi vijana. Unakuta jamaa ana miaka 40, ana watoto watatu, bado anaomba ruhusa ya kupanda sukuma wiki. Hawezi kuomba mkopo wala kupanga mambo ya miaka mitano. Anangoja tu, na anachongoja hakuna anayethubutu kukitaja kwa sauti. Hapo heshima iko wapi? Mimi nampenda baba yangu. Sitaki maisha yangu yaanze siku ya mazishi yake.

Na nyinyi wa "hama kijiji, hakuna kitu huko", nyamazeni kidogo. Mnalipa kodi ya chumba kimoja Kasarani kwa mtu msiyemjua, na kila mwezi mnapiga simu nyumbani kuomba nauli na viazi. Kodi hiyo hiyo ningependa imfikie baba yangu.

Karatasi ya makubaliano nimeshaiandika. Nimeacha nafasi ya sahihi yake na ya mama kama shahidi. Iko juu ya redio yake, mahali anapoweka miwani. Mpaka leo anachukua miwani na kuiacha karatasi.