Ziba nyufa za chumba anacholala mtoto

Mtoto akipata homa jambo la kwanza tunalofikiria ni malaria, na ni sawa. Lakini akipimwa akaonekana hana malaria, homa ikashuka, kisha baada ya wiki moja hivi ikarudi kwa kasi ileile, nakuomba uangalie pia ukuta ulio karibu na kitanda chake.

Katika nyufa za kuta za udongo na kwenye sakafu ya vumbi huishi papasi. Huyu si kama kupe wa ng'ombe anayeng'ang'ania ngozi siku kadhaa. Papasi hutoka usiku, hunyonya damu kwa muda usiofika saa moja, kisha hurudi kwenye ufa wake. Ndiyo maana wengi huumwa naye na wasimwone. Anaweza kukaa miaka bila kula, na hurithisha vimelea vya ugonjwa kupitia mayai yake.

Homa ya papasi si ngeni kwetu. Mwaka 1905 mtafiti wa Kijerumani, Robert Koch, aliichunguza hapa Afrika Mashariki, akawakuta papasi katika vibanda vya kando ya njia za misafara. Hadi leo Dodoma ni miongoni mwa maeneo yanayojulikana kwa ugonjwa huu. Mjamzito anaweza kupoteza mimba, na mtoto mchanga anaweza kufa. Unatibika kwa antibiotiki, lakini dawa ya malaria haiutibu.

Kwa maoni yangu, tunakosea kuuona ufa wa ndani kuwa kazi ya fundi ya kusubiri fedha. Ni kinga, kama chandarua. Mgonjwa akipona akarudi kulala kando ya ufa uleule, papasi bado wanamsubiri.

Utasema huna uwezo. Kwa nyumba ya udongo, vifaa vingi viko karibu nawe. Toa nje watoto na matandiko. Kwangua ufa hadi sehemu ngumu, fagia vumbi, nyunyizia maji kidogo, kisha shindilia udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na mchanga na nyasi zilizokatwakatwa. Udongo mtupu ukikauka hupasuka tena. Acha ukauke, ziba nyufa mpya zitakazojitokeza, ndipo usiribe ukuta mzima uwe laini. Sakafu nayo usiisahau. Saruji juu ya ukuta wa udongo mara nyingi hubanduka, na nyuma yake hubaki uwazi wa wadudu kujificha.

Kwa nyumba ya tofali, tumia mchanga na saruji, lakini usishike saruji mbichi kwa mikono mitupu kwa sababu huunguza ngozi. Rangi ya zamani inaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto. Ilowanishe kabla ya kukwangua ili vumbi lisiruke, na wajawazito na watoto wakae mbali hadi usafi uishe.

Kuziba nyufa peke yake hakumalizi papasi wote. Sogeza kitanda mbali na ukuta, epuka kulaza watoto sakafuni, na muulize ofisa afya wa kata kuhusu dawa ya kupulizia.

Ukienda kituo cha afya, usiseme tu "mtoto ana homa." Sema homa ilikuja, ikaondoka, ikarudi, na kwamba mnalala kwenye nyumba ya udongo yenye nyufa. Kipimo cha haraka cha malaria hakionyeshi vimelea vya papasi. Omba damu iangaliwe kwa hadubini, hasa wakati homa iko juu.

Leo kabla ya kulala, pitisha tochi kwenye ukuta wa chumba cha watoto. Kesho anza na ufa ulio karibu zaidi na mto.