Mtoto ameleta kitabu cha wachawi: tupime kwanza makala



Mtoto anarudi kutoka masomo na kitabu cha Kifaransa, Harry Potter à l'école des sorciers. Mama anasoma neno la mwisho, moyo unaruka. Katika miji yetu neno uchawi si la mchezo. Kuna watoto waliofukuzwa nyumbani kwa ajili yake. Basi mama anachukua simu, anafungua ensiklopedia ya Wikipedia, anasoma mistari mitatu na kukata shauri. Kumbe makala nayo inapaswa kupimwa. Tangu 2001 watu wa kila aina wanaandika humo, wengine vizuri, wengine vibaya. Sisi hatununui maharagi kwa kutazama juu ya gunia tu. Tunaingiza mkono mpaka chini. Tufanye vilevile hapa.

Kwanza tutazame kama makala inasimulia hadithi tu. Makala nzuri inafupisha hadithi, halafu inaeleza kitabu chenyewe: kwamba J. K. Rowling alikiandika, kwamba kilitoka Uingereza tarehe 26 Juni 1997, na kwamba nakala za kwanza zenye jalada gumu zilikuwa 500 tu.

Pili, je, inaeleza jina la kitabu? Kwa Kiingereza jina halitaji shule ya wachawi. Linataja jiwe la mwanafalsafa, lile ambalo watu wa zamani huko Ulaya waliamini linageuza madini kuwa dhahabu. Wafaransa walibadilisha jina walipokitafsiri mwaka 1998, na Wamarekani nao wakaweka jina lao mwaka huohuo. Neno lililomtisha mama liliingia njiani. Makala isiyosema hivyo imemwacha gizani.

Tatu, je, inatenganisha mambo ya kubuni na ya kweli? Ndani ya hadithi, Nicolas Flamel ndiye mwenye jiwe hilo. Flamel wa kweli alikuwa mwandishi wa kunakili vitabu huko Paris, akafa mwaka 1418. Sifa ya kutengeneza jiwe alipewa na watu baada ya kifo chake. Makala ikichanganya hao wawili, mtoto ataamini kwamba jiwe lilikuwapo.

Nne, je, inasikiliza pande zote? Kitabu hiki kilipata zawadi ya vitabu vya watoto Uingereza mwaka 1997. Tena huko Marekani wazazi wengine waliomba vitabu vya Harry Potter viondolewe katika maktaba za shule, kwa sababu ya uchawi uliomo. Makala inayosifu tu ni tangazo, na inayolaani tu ni mashitaka. Mama anahitaji kusikia yote mawili, kisha aamue mwenyewe.

Tano, tutafute zile namba ndogo mwishoni mwa sentensi. Zinaonyesha habari ilitoka wapi. Sentensi nzito isiyo na namba tuiweke kando kwanza, kama habari ya sokoni isiyo na mwenyewe.

Mama anaweza kumaliza kupima na bado akasema: kitabu hiki hapana, mtoto wangu angali mdogo. Ni haki yake. Lakini kukataza kitabu ni jambo moja, na kumwita mtoto mchawi kwa sababu alikisoma ni jambo lingine. Kifungu cha 41 cha Katiba yetu kinakataza kumshitaki mtoto uchawi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya mwaka 2009 inampa adhabu anayefanya hivyo.

Katika mkutano wa kikundi, tuchague makala moja juu ya kitabu ambacho watoto wetu wanasoma, tuipitishe katika maswali haya matano. Wanaojua Kifaransa wawasomee wenzao kwa sauti. Na watoto wakae karibu, wasikie mama zao wakiuliza.