Mita moja, milango minane: bili ya stima kwenye ploti haina haki

Ushauri wa kuokoa stima na maji umeusikia hadi umechoka. Zima taa ukitoka. Funga mfereji ukipiga mswaki. Nunua balbu ya LED. Si ushauri mbaya, ila uliandikiwa mtu mwenye nyumba yake, mita yake na mfereji wake. Wewe unayekodi chumba kimoja hapa Otonglo, ama Nyalenda, ama Kondele, unaishi kwenye ploti. Mita ni moja, milango ni minane, na bili ikija inagawanywa sawa. Unazima taa saa tatu, jirani anaacha spika ikinguruma hadi asubuhi, halafu mwisho wa mwezi mnalipa pesa ile ile. Sasa ujisumbue ya nini?

Swali ni la haki, na tulijibu kwa hesabu.

Chukua chumba cha kawaida. Balbu ya LED ya wati 9 ikiwaka saa tano kila usiku hula chini ya yuniti moja na nusu kwa mwezi. Ile ya kizamani ya wati 60, kwa saa hizo hizo, hula yuniti 9. Televisheni ya wati 50, saa tano kwa siku, ni yuniti 7 na nusu. Pasi ya wati 1,000 ukiitumia saa mbili kwa wiki, weka kama yuniti 8. Koili ya kupasha ndoo ya maji ya kuoga kila asubuhi, weka 8 nyingine. Jumla ni kama yuniti 25. Simu yako hata usiihesabu, hula kidogo sana.

Hapo ndipo mambo yanapouma. Tangu Aprili 2023, Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Mafuta, EPRA, imewawekea bei ya chini wateja wa nyumbani wanaotumia hadi yuniti 30 kwa mwezi. Wa kati ya 30 na 100 wanalipa zaidi, na aliyepita 100 analipa bei ya juu kabisa. Kinachoangaliwa ni wastani wa miezi mitatu ya akaunti. Mamlaka haioni milango iliyo nyuma ya hiyo akaunti. Kwa hivyo zidisha: milango minane, yuniti 25 kila mmoja, ni 200. Hakuna hata mmoja wenu aliyefika 30, lakini nyote mnalipa bei ya mtu mwenye jumba la ghorofa na friji mbili. Bei iliyowekwa kumsaidia mtu wa chini inampita mlangoni kwake.

Ndiyo maana nasema kuokoa stima kwenye ploti kunaanza na mita. Kila mlango ukipata mita yake ya tokeni kutoka Kenya Power, mwenye kutumia yuniti 25 analipa bei ya yuniti 25. Mwenye ploti akisema gharama ni kubwa, kuna hatua ya kati: mita ndogo kwa kila mlango, ile ya kusoma tu. Haitabadilisha bei, maana akaunti bado ni moja, lakini kila mtu atalipa alichokula. Anayeweka friji ya kuuza soda atalipia friji yake. Na wewe unayezima taa utaiona pesa yako.

Maji ni hadithi hiyo hiyo. Ziwa liko pale, unaliona, na bado unanunua maji kwa mtungi wa lita 20. Mtambo wa KIWASCO ulioko Dunga huvuta maji ziwani kwa pampu za stima, kwa hivyo mfereji wa ploti unaovuja usiku unamwaga maji na stima pamoja. Weka ndoo chini yake ukienda kulala, asubuhi pimeni mkiwa wote. Ndoo ikionekana, hakuna atakayebisha kuhusu kununua washa mpya.

Halafu angalia juu. Vyumba vinane vya futi kumi kwa kumi vina paa la mabati la mita za mraba zaidi ya 70. Mvua ya milimita 10, ile ya kawaida inayotupiga jioni mwezi wa Aprili, inaangusha lita 700 juu ya paa hilo. Hata nyingine ikimwagika, hiyo ni zaidi ya mitungi 30 inayoishia kwenye matope kwa sababu ploti haina gata wala tangi. Maji hayo ni ya kufua, kupiga deki na choo. Yale ya kwanza yenye vumbi yaache yapite, funika tangi mbu wasizaliane, na usiyanywe bila kuyachemsha ama kuyatibu.

Kuna yale unayoweza kufanya leo bila kumngoja mtu. Loweka maharagwe ama nyoyo usiku kucha, yataiva upesi kwa gesi ama makaa machache. Funika sufuria. Piga pasi nguo za wiki nzima mara moja, maana pasi hula sana ikianza kupata moto. Weka maji kwenye ndoo nyeusi juani, jua la Kisumu likupashie ya kuoga jioni, na koili ipumzike. Maji ya kusuuza nguo yaende chooni. Hapa ni pesa yako mwenyewe unaokoa, sana sana ya makaa, gesi na mtungi.

Lakini tusidanganyane: mpangaji mmoja hawezi kurekebisha ploti nzima kwa kuzima balbu. Itisheni mkutano wikendi hii, hata wa nusu saa pale kwa mfereji. Ombeni mambo matatu: bili yenyewe ibandikwe ukutani kila mwezi muione, mita ndogo kwa kila mlango kama ya tokeni haiwezekani sasa, na gata na tangi kabla mvua nyingine haijafika. Nendeni kwa mwenye ploti mkiwa nane, na hesabu mkononi. Mmoja akienda peke yake ataambiwa ahame. Nane si rahisi kuwahamisha.