Mnyama Apigapo Chafya

Si mwanadamu peke yake apigaye chafya. Mbwa, paka, kondoo na hata kuku hufanya vivyo hivyo. Pua ni mlango wa mapafu, nao mlango hauna budi kuwa na bawabu. Vumbi au moshi ukiigusa ngozi laini iliyo ndani ya pua, mishipa ya fahamu hupeleka habari kwenye ubongo, na mara pumzi hutolewa kwa nguvu ili kilichoingia kitupwe nje. Kwa hiyo chafya moja au mbili si ugonjwa.

Mbwa hupiga chafya hata achezapo na mwenziwe. Nao mbwa mwitu wa Botswana, kama wataalamu walivyoeleza katika mwaka 2017, hupiga chafya wakutanikapo kabla ya kwenda kuwinda. Chafya zikiwa nyingi, kundi huondoka. Zikiwa chache, hulala tena. Lakini mbwa wa nyumbani apigaye chafya mfululizo kwa ghafula, akijikuna pua na kutokwa na damu upande mmoja, huenda ameingiwa na mbegu ya nyasi yenye miba. Mwenye mbwa asiichokoe kwa kijiti, maana ataisukuma ndani zaidi. Ampeleke kwa daktari wa mifugo.

Mfugaji wa kondoo ndiye apaswaye kusikiliza zaidi. Yuko inzi wa kijivu ambaye hatagi mayai. Huangusha mabuu walio hai penye matundu ya pua ya kondoo. Kondoo humjua adui huyu: huacha kula, hupiga chini kwa miguu, na huficha pua zao katika manyoya ya wenzao. Mabuu hutambaa mpaka ndani ya mianya ya mifupa ya kichwa, na huko hunenepa kwa majuma mengi, pengine kwa miezi. Kondoo hutokwa na kamasi nzito, hupumua kwa shida, naye hukonda. Mwishowe buu aliyekomaa hurudi puani, na chafya humtupa chini, akajifukia udongoni na kugeuka inzi mpya. Hivyo chafya impayo nafuu kondoo mmoja huwaandalia adui wenziwe. Dawa ya kuwaua mabuu ipo, nayo hutolewa kwa kadiri ya uzito wa mnyama. Afadhali kundi zima litibiwe pamoja.

Kuku apigaye chafya asidharauliwe hata kidogo. Huenda ana mafua ya kuku, yavimbishayo uso. Au huenda ni kideri, ambacho chaweza kumaliza banda zima, wala hakina dawa ya kukiponya. Kinga yake ni chanjo, itolewayo kabla ugonjwa haujafika. Kuku mgonjwa atengwe siku ile ile. Kumpeleka sokoni upesi ili fedha zisipotee ni kumwuzia jirani msiba.

Basi mfugaji asikiapo chafya, na atazame yafuatayo: Je, mnyama anakula? Kamasi ni nyepesi au nzito, yatoka tundu moja au yote mawili? Ni mnyama mmoja au ni wengi? Mwenye kuweza kuyajibu maswali hayo mbele ya bwana mifugo amekwisha kumrahisishia kazi, na huenda ameliokoa kundi lake.