Ukwaju nao ni wa Asia?

Makala tamu, ndugu mwandishi, ila ukwaju umeuweka kwenye ladha za Asia kana kwamba ulizaliwa huko. Asili ya mti wenyewe ni Afrika ya kitropiki. India uliifikia zamani sana, ukaendelea mpaka Thailand na Vietnam. Mchaichai na iliki nakuachia, hivyo kweli vilitujia kutoka ng'ambo ya bahari.

Mimi niko hapa hapa Roseville. Ukwaju na mabua mabichi ya mchaichai nafuata Saint Paul, soko la Wahmong la Hmongtown, barabara ya Como. Shauri langu kwa kinywaji chako: limau liache kabisa, uchachu wa ukwaju unatosha na ni mzito zaidi. Loweka kwa maji moto, kamua, chuja, tia asali na tangawizi iliyopondwa, barafu tele. Wanywaji waongeze vodka, kama ilivyo kwenye kokteli ya Dawa ya mkahawa wa Carnivore, Nairobi. Sisi wengine tunamiminia soda. Na ile sharubati ya chupa uliyoisifia, samahani, ni sukari na rangi tu.