KIPURI CHENYE MATUNDU, LAWAMA YA NANI?



Mwezi huu twataka kusema juu ya vipuri vya alumini vinavyochapwa kwa mashine, na taabu ya kuvichomelea. Wako watakaocheka, waseme hayo ni mambo ya Ulaya. Lakini shirika la reli la Ujerumani, Deutsche Bahn, lilianza kuchapa vipuri mwaka 2015, na sisi watu wa reli twajua desturi: kifaa huanza huko, huja huku baadaye, na kikivunjika huletwa kwetu.

Mwandishi wa maneno haya alikuwa likizoni Lamu, ambako gati la kwanza la bandari mpya lilifunguliwa Mei 2021 lakini reli iliyoahidiwa pamoja nayo bado haijafika. Nahodha mmoja wa boti ya abiria wa Mokowe alileta kwa fundi kishikio cha injini, cha alumini, kimepasuka. Fundi akakisugua mpaka kikang'aa, akafungua gesi ya agoni, akaanza kazi. Mara alumini ikatoka mapovu kama uji jikoni, na ilipoganda mshono wote ulikuwa matundu matupu. Nahodha akamtukana fundi mbele ya watu, akakataa kulipa. Nasi twasema fundi yule hakukosa. Kishikio kile kilikuwa kimekunywa mafuta na maji ya chumvi miaka mingi, na moto ukayatoa.

Basi, kipuri cha kuchapwa chaweza kuwa na ugonjwa wa namna hiyo tangu kuzaliwa kwake. Hutengenezwa hivi: unga wa alumini iliyochanganywa na silikoni hutandazwa tabaka jembamba, kiasi cha sehemu 3 katika 100 za milimita, na mwanga wa leza huuyeyusha panapotakiwa. Kisha tabaka jingine, na jingine, mpaka kipuri kikamilike. Lakini unga huo hunyonya unyevu (na pwani yetu haina upungufu wa unyevu!), na unyevu ukikutana na alumini ya moto hutoa haidrojeni. Alumini iliyoyeyuka huinywa gesi hiyo, ikiganda huitapika. Isiyopata njia hubaki ndani katika vitundu visivyoonekana kwa macho. Kipuri huonekana kizima kabisa. Fundi akikiyeyusha tena, vitundu huvimba na kuungana, na mshono ukawa sifongo.

Tena kipuri hicho hupata nguvu yake kwa kupoa upesi sana kila tabaka. Moto wa kuchomelea hulainisha pande mbili za mshono, hata mshono wenyewe ukiwa mzuri.

Dawa ziko. Unga ukaushwe vema kabla ya kuchapwa. Lakini hiyo ni kazi ya mwenye kuchapa, wala si ya mchomeleaji. Iko pia njia iliyovumbuliwa Uingereza mwaka 1991 katika taasisi ya TWI: pini ngumu huzungushwa kwa nguvu ikakoroga alumini mpaka ishikane bila kuyeyuka. Hitachi ya Japani huunga mabehewa kwa njia hiyo. Ni nzuri, ila mashine yake haibebwi begani mpaka gatini.

Kwa hiyo chama kinadai mambo haya kabla kipuri cha kwanza hakijaingia karakanani. Kila kipuri kije na karatasi yake, ieleze kimechapwa kwa unga gani na umekaushwaje. Fundi apewe kipande cha namna hiyohiyo akijaribu kwanza. Mshono utakaobeba uzito au roho za watu upigwe picha ya eksrei. Na mshono ukitoka matundu, kipuri kichunguzwe kwanza; fundi asikatwe hata senti kabla ya hapo.

Mwanachama aliyechomelea alumini ikatoka mapovu, akalaumiwa, asikitupe kipande hicho. Akiandike tarehe, akilete kwa Katibu.