SAFARI NA MAFUNZO YAKE: Nyumba Yenye Magurudumu Katika Nchi ya Simiyu

Aghalabu mtu akitajiwa matembezi hufikiri mambo mawili tu: ama pwani na hoteli zake, ama hifadhi za wanyama zinazotangazwa ulimwenguni kote. Nchi iliyo kati ya sifa hizo mbili hupitwa kwa mwendo wa basi, abiria wakiwa wamesinzia. Mwezi huu twapenda kuzungumza juu ya nchi mojawapo ya hizo zipitwazo, nayo ni Mkoa wa Simiyu, na juu ya namna moja ya kuitembelea ambayo yawafaa mno jamaa wa Kiislamu, yaani kusafiri kwa gari-nyumba.

Gari-nyumba ni gari ambalo ndani yake mna vitanda, jiko na akiba ya maji, hata msafiri akawa halali hotelini wala hali mkahawani ila kwa kupenda. Watu wa Ulaya na Marekani wamelizoea zamani. Kwetu Tanzania ni machache. Lililo mashuhuri zaidi ni gari la njia mbaya lenye hema juu ya paa, ambalo hukodishwa mijini kama Arusha. Lakini hata gari dogo la jamaa, likiwekwa godoro, jiko la gesi na madumu ya maji, laweza kufanya kazi hiyo. Wala jambo lenyewe si geni kwetu. Katika karne ya 19, Wanyamwezi na Wasukuma walikuwa wapagazi mashuhuri wa misafara ya kwenda pwani; walichukua vyungu vyao na mikeka yao, wakapiga kambi jua lilipowachwea. Tofauti ni kwamba leo mzigo wachukuliwa na magurudumu.

Twasema safari hii yawafaa jamaa wa Kiislamu kwa sababu tatu zilizo wazi. Ya kwanza ni stara: mama na mabinti wana mahali pao pa kubadili nguo na kupumzika pasipo kutazamwa. Ya pili ni chakula: jiko ni lako, chungu ni chako, na kuku wa kununua kijijini waweza kumchinja kwa mkono wako mwenyewe. Ya tatu ni Swala: hukimbizani na dereva wa basi asiyetaka kusimama. Kutoka Mwanza hadi Bariadi ni mwendo unaozidi kilomita 80, kadiri ambayo wanazuoni wengi wameitaja kuwa ni safari. Basi ruhusa ya kupunguza na kukusanya Swala yaingia humo. Lakini kwa madhehebu ya Imamu Shafi, mwenye kunuia kukaa mahali pamoja siku 4 kamili, bila kuhesabu siku ya kuingia na siku ya kutoka, hupaswa kuswali kamili. Na Kibla huko ni kaskazini, kwa kuinama kidogo upande wa mashariki.

Sasa tuitazame nchi yenyewe. Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012. Bariadi, Maswa na Meatu zilitoka Shinyanga, na Busega ikatoka upande wa Mwanza; Itilima nayo ni wilaya ya tano. Makao makuu ni Bariadi. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2022, mkoa ulikuwa na watu 2,140,497, wengi wao Wasukuma, na upande wa Meatu wamo pia Wanyiramba, Wataturu na Wahadzabe. Jina la mkoa ni la mto Simiyu, ambao humwaga maji yake katika Ziwa Viktoria. Msafiri Stanley alipofika huku mwaka 1875 aliuhesabu kuwa ni chanzo cha Nile cha kusini kabisa. Basi mtoto akisimama kingoni mwa mto huu, na aambiwe kwamba maji haya, yakijaliwa, yataingia ziwani na kufuata njia ndefu mpaka Misri. Somo la jiografia kama hilo halisahauliki upesi.

Njia kuu ni nyepesi. Barabara ya lami yatoka Mwigumbi, katika njia ya Shinyanga na Mwanza, yapita Maswa na Bariadi, hata Lamadi karibu na ziwa. Jumla yake ni kilomita 172 hivi. Ajaye kutoka Mwanza aweza kuingia kwa Lamadi na kutokea Mwigumbi, asirudie njia aliyojia. Njiani ataona majabali yaliyopangana kama kwamba yamewekwa kwa mkono, mibuyu, makundi ya ng'ombe, na kwa msimu wake, mashamba ya pamba yaliyofunguka meupe. Mkoa huu ni miongoni mwa mikoa iliyo mbele kabisa kwa zao hilo nchini, na pamba ya Usukuma ina historia ya heshima: ndiyo iliyowakusanya wakulima katika ushirika, mpaka mwaka 1955 likaundwa shirikisho kubwa la vyama vyao, akiliongoza Paul Bomani. Mwezi wa Juni na Julai waweza kuona pamba ikichumwa na kupimwa. Waonyesheni vijana mizani ile, wajue kwamba shati walivaalo lilianzia katika mgongo wa mtu aliyeinama.

Hata hivyo, kuna mambo ambayo msafiri akiyapuuza ataumia au ataumiza wenzake.

La kwanza ni udongo. Mabondeni kuna ardhi tambarare ya mfinyanzi mweusi ambayo wenyeji huiita mbuga. Wakati wa kiangazi hupasuka na kuwa ngumu kama matofali. Ikinyeshewa hunata na kumeza magurudumu, na gari zito lenye nyumba ndani yake ndilo la kwanza kuzama. Mvua huanza mnamo Novemba na kuendelea hata Mei. Kwa hiyo safari ya kutoka nje ya lami na ifanywe kati ya Juni na Oktoba.

La pili ni wanyama. Upande wa mashariki kuna Pori la Akiba la Maswa na Hifadhi ya Serengeti. Tembo hutoka humo usiku wakaingia mashambani, wakala mazao ya mwaka mzima, na pengine wakaua watu. Ulalaye garini usilale mpakani mwa pori kwa kudhani ukimya ni usalama.

La tatu, nalo ndilo kubwa, ni ngitili. Msafiri ataona mahali penye majani marefu na miti, pasipo nyumba wala mtu, naye atasema moyoni: hapa ni porini, hapana mwenyewe. La! Aghalabu hapo pana mwenyewe. Ngitili ni malisho yaliyofungwa na jamaa au kijiji wakati wa mvua, yasiguswe, ili ng'ombe na ndama wapate kula kiangazi kikiwa kikali. Nchi hii ilikwisha poteza miti mingi sana, na kuanzia mwaka 1986 mradi wa serikali wa kuhifadhi udongo, uliojulikana kwa jina la HASHI, uliwasaidia wananchi kuzirudisha ngitili zao. Basi fikirini: moto mmoja wa kuchemshia chai, ukiachwa na upepo wa Agosti, waweza kuteketeza kwa saa moja chakula cha mifugo cha miezi mitatu. Mwenye gari ataondoka asubuhi. Mwenye ng'ombe atabaki akihesabu mizoga. Haki ya mja haifutwi kwa kusema, "Sikujua."

Kwa hiyo pikeni kwa jiko la gesi, wala msisimamishe gari pa kulala kabla ya kwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji au ofisi ya kijiji kuomba ruhusa. Nendeni kwa miguu, baba wa nyumba akitangulia. Asubuhi husemwa "Mwangaluka," na mchana "Mwadila." Mtu mzima huitwa baba, na mama huitwa mayu. Maneno haya manne hufungua milango mingi kuliko fedha.

Na hapa ndipo penye hatari ya gari-nyumba ambayo haizungumzwi. Mwenye kila kitu ndani yake hamhitaji mtu. Aweza kuivuka nchi nzima akiwa na mkate wa Mwanza, maji ya Mwanza na mazungumzo ya Mwanza, asimwachie mwenyeji kitu ila vumbi na chupa tupu. Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Mwenyeji ataponaje kwa mgeni aliyejifungia? Acheni nafasi katika kabati lenu. Nunueni maziwa ya Meatu, na michembe na matobolwa, ambayo ni viazi vitamu vilivyokaushwa kwa ajili ya miezi ya njaa. Mkialikwa, kaeni, na kama kuna nyama msiyojua imechinjwa na nani, semeni kwa upole, nanyi mtaona kwamba Msukuma hamlazimishi mgeni wake. Takataka zenu zichukueni mpaka mjini.

Vijana wetu wengi hukimbilia miji mikubwa wakidhani shamba ni mahali pa waliokosa bahati. Siku tatu za Simiyu, kwa nyumba yenye magurudumu na mlango ulio wazi, zaweza kuwaonyesha ni nani awalishaye na kuwavisha. Nasi twawaombea watakaokwenda Mwenyezi Mungu awafikishe salama, awarudishe kwa watu wao, na awajaalie wale watakaowaacha nyuma wapende kuwaona tena.